Tawakali na Maji Machache: Juu ya Uhalali wa Kupanga Safari ya Mto

Suala la iwapo mwanadamu ana haki ya kuipangia kesho ni la zamani katika dini zote zinazofuatwa kwenye mwambao wa kaskazini wa Tanzania, na kwa kawaida hujadiliwa kwa mifano ya kilimo, ndoa au biashara, ambamo mpango ukiharibika hasara yake huonekana polepole. Makala haya yanalichunguza suala hilo kupitia jambo dogo zaidi, nalo ni safari ya kushuka mto kwa chombo chepesi katika majira ambayo maji yamepungua. Katika safari ya namna hiyo kila kinachopangwa hutegemea kitu kimoja ambacho msafiri hakukiumba, hawezi kukiongeza, na wala hana hakika kwamba kitakuwapo keshokutwa, yaani kina cha maji. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kupanga hakupingani na kumtegemea Mungu, ila kuna sharti ambalo watu wengi hulisahau: mpango halali hubeba ndani yake, tangu siku ya kuandaliwa, ridhaa ya kuachwa.

Wilaya ya Muheza, nchi ya Wabondei, inapakana kwa karibu na mito miwili ambayo kila mmoja unalifafanua suala hili kwa namna yake. Zigi huanzia katika misitu ya Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki, hupokea maji ya Kihuhwi, hujaza bwawa la Mabayani ambalo jiji la Tanga hulitegemea kwa maji ya kunywa, kisha huingia Bahari ya Hindi. Pangani, ulio upande wa kusini, ni mto wa kilomita zipatazo 500, ambao maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu huambaa nyika kavu baina ya milima ya Upare na Usambara upande mmoja na mbuga za Umasai upande wa pili. Katika nyika hiyo mvua ni haba, na mstari wa miti ya kijani unaofuata kingo za mto huonekana kwa mbali katikati ya vichaka vya miiba vilivyokauka. Baada ya Korogwe mto huteremka kwenye miamba na makorongo ya Hale na Pangani Falls, kisha hutulia na kwenda baharini taratibu baina ya minazi na mikoko. Vyombo vilivyotoka baharini havijapata kuyavuka maporomoko hayo. Hata wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke, waliopanda mto huu kwa mtumbwi mwezi Februari 1857, iliwabidi waache maji na kushika njia ya miguu kupitia Tongwe hadi Vugha, makao ya Kimweri, mfalme wa Washambaa.

Majira ya eneo hili yanajulikana na kila mkulima. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na baina ya misimu hiyo kuna kiangazi kikali cha Januari na Februari, pamoja na ukavu wa katikati ya mwaka ambao hupunguza mito hadi kuonyesha mifupa yake. Anayeshuka mto wakati wa mafuriko huogopa nguvu ya maji, na hofu hiyo humjia yenyewe kwa sababu maji yaliyofura hayahitaji mtu wa kuyaeleza. Anayeshuka wakati wa maji machache hukabiliwa na hatari isiyopiga kelele: mto huonekana mpole na wenye kukaribisha, ilhali mbele yake kuna mafungu ya mchanga, miamba iliyobaki shubiri moja chini ya uso wa maji, na vidimbwi ambamo viboko na mamba wamesongamana kwa kuwa hawana pengine pa kwenda. Kwa sababu hiyo mpango wa majira haya ni mpango wa upungufu. Msafiri hukadiria chombo chake huzama kiasi gani kikiwa na mzigo na bila mzigo, huhesabu siku nyingi zaidi kwa mwendo uleule, hupunguza shehena ili chombo kielee, huku akijua kwamba kila anachokiacha nyumbani anaweza kukihitaji njiani, na hujiandaa kushuka majini na kuburuta chombo mahali ambapo mto hautambeba.

Katika maji ya namna hiyo chombo cha elimu ni upondo, yaani ule mti mrefu mnyoofu ambao mwenye mtumbwi huukita chini ili kujisukuma. Mkono uliozoea huusoma mto kupitia mti huo: tope huushika na kuukatalia kutoka, mchanga huupokea na kuuachia kwa mkwaruzo mwepesi unaosikika viganjani, na mwamba huurudisha kwa kishindo kinachofika kwenye kiwiko. Mpiga upondo hajui kilichoko mbele ya kona, lakini anakijua kwa hakika kilichoko chini yake wakati huo, na hupanga msukumo unaofuata kwa elimu hiyo. Ujuzi huu una thamani katika mjadala wa dini, kwa sababu unaonyesha kwamba kupanga hakumlazimu mtu kudai kuijua kesho. Kunamlazimu kuwa mwaminifu kwa kile alichokwisha kukigusa.

Hata hivyo pingamizi la kidini lina uzito na halipaswi kupuuzwa. Katika Uislamu kuna itikadi ya kadari, yaani kuamini kwamba kila litokealo, la heri na la shari, limekwisha kujulikana na kukadiriwa na Mwenyezi Mungu. Qurani, katika Sura ya Pango, inamkataza mja kusema kwamba atafanya jambo fulani kesho pasipo kulifungamanisha na mapenzi ya Mungu, na Sura ya Ufalme inamalizika kwa kuwauliza watu ni nani atakayewaletea maji ya chemchemi ikiwa maji yao yatadidimia ardhini. Upande wa Wakristo, ambao katika Muheza historia yao inarudi nyuma hadi wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipofika Magila mwishoni mwa miaka ya 1860, Waraka wa Yakobo unawakemea wale wanaotangaza mji watakaokwenda, muda watakaokaa na faida watakayopata, ilhali hawajui hata kama watakuwa hai. Kwa mtazamo huo, mtu anayechora safari yake siku kwa siku, akaandika atalala wapi usiku wa tatu na atafika wapi siku ya tano, ni kama anayejigawia mali isiyo yake.

Jibu lililofikiriwa kwa kina zaidi katika urithi wa Kiislamu ni la Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiajemi aliyeishi kati ya 1058 na 1111, ambaye katika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, alitenga sehemu nzima kwa ajili ya tauhidi na tawakali. Tawakali, kwa maana yake ya kielimu, ni moyo kumwachia Mungu mambo yake kwa utulivu wa mtu aliyemweka wakili anayemwamini. Ghazali anafundisha kwamba sababu, yaani njia za kawaida ambazo kwazo Mungu huyaleta matokeo duniani, ni za daraja tatu. Daraja ya kwanza ni sababu za yakini, kama vile kunyoosha mkono ili kula chakula kilicho mbele ya mtu, na mwenye kuziacha kwa kisingizio cha tawakali ni mwenye upungufu wa akili. Daraja ya pili ni sababu za dhana yenye nguvu, kama vile kuchukua masurufu ya safari ya jangwani, na kuzitumia hakuharibu tawakali. Daraja ya tatu ni sababu za kuwaziwa tu, ambazo moyo hung'ang'ania bila ya ushahidi, na hizo ndizo ambazo mwenye tawakali huziacha.

Mfano anaoutoa Ghazali unahusu jangwa lenyewe. Anamtaja Ibrahim al-Khawwas, Msufi wa karne ya 9, aliyesifika kwa kusafiri nyikani bila ya chakula, lakini ambaye hakuachana na sindano, mkasi, kamba na chombo cha kutekea maji. Sababu ni kwamba katika jangwa maji hayakai juu ya ardhi, na Mungu hakuweka desturi ya kuyapandisha maji kutoka kisimani bila ya kamba na ndoo. Ghazali anaongeza kwamba mtu anayejitenga katika korongo la mlima pasipo maji wala majani wala mpita njia, akakaa humo akidai kumtegemea Mungu, ni mwenye dhambi kwa kuwa anajitafutia maangamizi. Maneno hayo, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 900 iliyopita, yanamgusa moja kwa moja msafiri wa mto uliokauka nusu, kwa sababu yanatangaza kwamba kutojiandaa mahali palipo pakavu hakupandishi cheo cha imani ya mtu.

Mgawanyo huo ukipelekwa mtoni huweka mambo bayana. Kubeba maji safi ya kunywa, kuziba ufa wa mtumbwi kabla ya kuushusha, na kuwaambia watu wa nyumbani siku ya kurudi ni sababu za yakini, na kuziacha ni uzembe unaojificha nyuma ya jina la Mungu. Kuchagua mwezi, kuwauliza wavuvi wa sehemu za mbele hali ya mto, na kuongeza akiba ya chakula kwa siku za kukwama ni sababu za dhana yenye nguvu. Hazihakikishi usalama, lakini akili huzikubali. Daraja ya tatu, katika zama hizi, ina sura ambazo mtu mwenye elimu hazitambui upesi: kuamini kwamba maji yatatosha kwa kuwa yalitosha mwaka uliopita, au kwamba hatari haipo kwa kuwa hakuna aliyeisimulia, au kwamba chombo cha bei kubwa hakikwami. Mategemeo ya namna hii yanafanana na hirizi, kwa maana yanampa mtu utulivu bila ya kumpa elimu, na utulivu huo ndio unaoondoa moyoni nafasi iliyostahili kukaliwa na tawakali.

Maandiko yenyewe yanathibitisha kwamba manabii walipanga. Yusufu alipotafsiri ndoto ya mfalme wa Misri hakuishia kutabiri ukame, bali aliamuru nafaka iwekwe katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa, na kisa hicho kimo katika Qurani na katika Kitabu cha Mwanzo. Baba yake Yakubu, alipokuwa akiwaaga wanawe waliokwenda Misri, aliwashauri wasiingie kwa lango moja, na papo hapo akakiri kwamba ushauri wake hauwezi kuwakinga na chochote alichokikadiria Mungu. Kisa cha Yakubu ndicho kinachofaa zaidi hapa, kwa kuwa mpango na ungamo vimetoka katika kinywa kimoja na kwa wakati mmoja, wala kimojawapo hakikumfuta mwenzake. Vivyo hivyo katika Agano Jipya, yale makemeo ya Yakobo hayana budi kusomwa pamoja na mafundisho ya Injili ya Luka kuhusu mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi akahesabu gharama asije akachekwa kwa kushindwa kuumaliza. Andiko moja linamkataza mtu kuimiliki kesho, na la pili linamkataza kuitupa leo.

Waswahili wa pwani waliishi na mafundisho haya kwa vitendo kabla ya kuyaandika. Nahodha wa jahazi alijua kwamba kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na kusi hufuata, na safari zake zote alizifunga katika pepo hizo mbili. Alijua pia tofauti ya bamvua, ambayo ni siku za maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana kila mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, ambayo ni siku za mwendo mdogo wa maji baina ya hizo. Aliyetaka kuingia mlango wa mto Pangani alisubiri maji yajae, na aliyekosea saa alipwelewa, chombo kikalala ubavu juu ya mchanga hadi maji yarudi. Katika utamaduni huo kungoja kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi, na nahodha aliyekaa bandarini wiki nzima akiangalia upepo hakuonekana mvivu. Hapo ndipo tawakali ilipopata umbo linaloonekana: mtu amefanya yote yaliyo katika uwezo wake, kisha anakaa kimya mbele ya lile lisilo katika uwezo wake.

Lakini mto una jambo ambalo bahari haina. Maji ya bahari hupwa na kujaa kwa kufuata mwezi, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuyazuia, ilhali maji ya mto Pangani hupita katika mikono mingi kabla ya kumfikia msafiri. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 1960, huyashika na kuyaachia kwa mahitaji ya umeme na kilimo. Kituo cha Hale chenye uwezo wa megawati 21 kilianza 1964, na kituo kipya cha Pangani Falls chenye megawati 68 kilianza 1995. Huko juu kuna mifereji na mashamba ya umwagiliaji ambayo huchota kwa zamu. Mabwawa ya asili ya Kirua, yaliyokuwa yakipokea mafuriko na kuyatunza kama akiba ya mto, yalipungua sana baada ya mafuriko hayo kuzuiwa. Kule mlangoni nako, mto unapokosa nguvu, maji ya chumvi hupanda na kuingia katika mashamba. Kwa hiyo msafiri anapokuta mto umepungua na kusema kwamba ndiyo kadari ya Mungu, amesema kweli kwa upande mmoja na huenda ameficha kweli kwa upande mwingine.

Wanazuoni wa kalam, yaani elimu ya kujadili itikadi kwa hoja, waliona hatari hiyo mapema. Wafuasi wa Abul Hasan al-Ashari, aliyeishi katika karne ya 9 na ya 10, walifundisha kwamba Mungu ndiye muumba wa vitendo vyote, lakini mja hukichuma kitendo chake na kuwajibika kwacho, na kuchuma huko walikuita kasbi. Kwa lugha ya kawaida, kudura ya Mungu haimfutii mtu jukumu la kile alichokikusudia na kukitenda. Pungufu la mvua juu ya Kilimanjaro halina mchumaji miongoni mwa watu wa bonde. Pungufu linaloletwa na kufunga lango la bwawa, kukata msitu wa chanzo au kuchota kupita kiasi lina mchumaji, naye anaweza kuulizwa. Kuyachanganya mawili hayo na kuyaita yote kadari ni kumtwisha Mungu lawama za watu huku ulimi ukidai kumtukuza.

Fikra za wenyeji wa milima zilifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Washambaa, ambao wafalme wao wa ukoo wa Kilindi waliitawala pia Bonde, nchi ya Wabondei, katika zama za Kimweri ye Nyumbai, waliamini kwamba mvua na njaa havitengani na hali ya utawala. Walizungumzia kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru nchi, na mfalme aliyekuwa na nguvu ya kuleta mvua ndiye aliyekuwa na nguvu ya kuizuia. Mtu wa leo anaweza kuikataa sehemu ya uganga iliyo ndani ya itikadi hiyo, kama Ghazali alivyozikataa sababu za kuwaziwa, na bado akabaki na kiini chake chenye maana: kwamba ukame una upande wa kimaadili, na kwamba wenye madaraka juu ya maji wanapaswa kuhukumiwa kwa hali ya nchi iliyo chini yao.

Kutokana na hayo, mpango wa msafiri unakutana na swali la haki za wengine. Sheria ya Kiislamu inatambua haki ya kiu, inayompa kila mtu na kila mnyama ruhusa ya kunywa maji yanayopita, na hadithi mashuhuri inawafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Sera ya Maji ya Taifa ya 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zimepanga utaratibu unaokaribiana na huo, kwa kuweka mahitaji ya majumbani mbele, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, na matumizi mengine baadaye. Katika foleni hiyo msafiri wa kuelea, awe mtalii au mpenda mito, yuko mwisho kabisa, na maji yakiwa mengi cheo chake hakimsumbui mtu. Maji yakiwa machache, kidimbwi anachotaka kukivuka kinaweza kuwa ndicho wanachoteka kinamama wa kijiji, fungu la mchanga analotaka kulichimbua ili chombo kipite linaweza kuwa ndilo linalopeleka maji mdomoni mwa mfereji wa mtu, na kijia cha maji kilichobaki kinaweza kuwa ndimo mvuvi alimotega mgono wake. Mpango unaohesabu kina cha maji bila ya kuhesabu wenye maji ni hesabu iliyoachwa katikati. Mwalimu Nyerere, alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwaka 1969, alisisitiza kwamba kupanga ni kuchagua, na katika mto uliopungua kuchagua huko kunahusu pia nani apishwe.

Hapa ndipo ridhaa ya kuacha inapopata msingi wake. Ikiwa maji ni ya Mungu kwa asili, na matumizi yake ya kwanza ni ya wenye kiu, basi anayepanga safari juu yake anapanga juu ya amana, na mwenye kushika amana hana budi kuwa tayari kuirudisha anapotakiwa. Methali isemayo kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga hutumiwa mara nyingi kumhimiza mtu asirudi nyuma, nayo inafaa kwa kazi iliyoanzwa na watu wanaoitegemea, kama vile kulea mtoto au kujenga msikiti wa kijiji. Ikitumiwa kwa safari ya mto mkavu huwa mshauri mbaya, kwa sababu inageuza gharama iliyokwisha kutolewa, ya nauli, ya chakula na ya siku, kuwa sababu ya kutoa gharama nyingine kubwa zaidi. Mtu asiyeweza kuuacha mpango wake ameacha kuwa mpangaji na amekuwa mtumwa wa alichokiandika, na huko ndiko kuimiliki kesho kulikokatazwa na maandiko, hata kama kila sentensi yake imemalizika kwa kutaja mapenzi ya Mungu.

Hoja hii ina mpinzani wake katika historia. Mwaka 1869 Mmarekani John Wesley Powell, aliyekuwa amepoteza mkono mmoja vitani, aliongoza watu 9 na mashua 4 kuushuka mto Colorado kupitia makorongo ya jangwani hadi mwisho wa Grand Canyon. Mwishoni mwa Agosti, chakula kikiwa karibu kwisha, walifika kwenye maporomoko ambayo watu 3 waliyaona hayapitiki, wakaacha mto na kupanda ukingo kwa miguu. Watatu hao hawakurudi makwao kamwe, na waliobaki mtoni walipita salama na kutoka katika korongo muda mfupi tu baadaye. Mtu anaweza kusema kwamba kisa hicho kinathibitisha ubora wa kushikilia mpango na hatari ya kuuacha.

Jibu la kwanza ni kwamba matokeo peke yake hayahukumu uamuzi, kwa sababu watatu wale hawakuijua kesho zaidi ya waliobaki, na maporomoko yaleyale yangeweza kuwazamisha wote waliobaki. Aristotle alifundisha kwamba mtu hushauriana na nafsi yake juu ya mambo yaliyo katika uwezo wake tu, na matokeo ya mwisho hayamo katika orodha hiyo. Jibu la pili lina uzito zaidi: ridhaa ya kuacha iliwajia watu wale ikiwa imechelewa, baada ya akiba kwisha na nguvu kupungua, mahali ambapo njia ya kutokea haikuwa imechunguzwa. Waliacha mpango wao, lakini kuacha kwenyewe hakukuwa kumepangwa. Kwa hiyo kisa hicho kinaongeza sharti juu ya hoja ya makala haya, nalo ni kwamba njia ya kutokea iandaliwe kwa uangalifu uleule unaoandaa njia ya kwendea.

Pingamizi la pili linatoka kwa wale wanaohofu kwamba kumfundisha mtu ridhaa ya kuacha ni kumfundisha ulegevu, kwa maana kila mwoga atapata kisingizio cha dini. Hofu hiyo ina haki, na dawa yake ni kuweka mpaka mapema. Msafiri anayesema, akiwa bado nchi kavu na akili yake imetulia, kwamba akikuta maji hayafiki goti kwenye kivuko fulani atarudi, au kwamba akiambiwa na watu wa kijiji fulani kuwa mto wa mbele umekatika atatoa chombo chake, amejifunga kwa ahadi inayoweza kupimwa. Akiuacha uamuzi huo hadi afike majini, tamaa yake itakuwa mlalamikaji na hakimu katika kesi moja. Mwoga huacha kabla ya kufika kwenye alama yake na mkaidi hupita baada ya kuiona, na kwa hiyo alama iliyowekwa kwa uaminifu huwafichua wote wawili.

Imebainika basi kwamba tawakali haianzi pale mpango unapokwisha, kana kwamba Mungu angepewa mabaki ya kazi ambayo mwanadamu ameshindwa kuikamilisha. Inakuwamo tangu mwanzo, katika unyofu wa kupima, katika kutenganisha lililokadiriwa na Mungu na lililochumwa na watu, katika kuwatambua wenye haki ya maji kabla ya mpita njia, na katika mpaka uliowekwa kwa hiari. Mafundisho hayo hayaishii kwa wasafiri wachache wanaopenda kuelea. Bodi inayogawa maji ya bonde, mkulima anayefungua mfereji, kituo cha umeme kinachopanga zamu zake na jiji linalokunywa maji ya Zigi wote wanapanga juu ya maji yasiyowatosha, na kila mmoja wao anadaiwa jibu la swali lilelile: katika mpango wake, ni wapi palipoandikwa kwamba atapunguza au ataacha, na kwa ajili ya nani. Mpango ambao hauna mahali hapo, hata ukiwa umeandikwa kwa ustadi na kufunguliwa kwa dua, bado haujamtambua Mwenye maji wala jirani.